Mama wa Tubaki

Asikudanganye mtu kwamba mjane anachokosa ni mkono wa kushika jembe. Hilda wa kijiji cha Nambis alikuwa na vibarua wake wawili wakati wa kupanda, ng'ombe wa maziwa mmoja, na vitunguu saumu vimejaa darini mpaka nyumba nzima inanuka. Alichokosa tangu mumewe Yoakimu azikwe, miaka mitatu sasa, ni mtu wa kumwambia amekosea.

Maana wale wawili walikuwa wabishi, we acha tu. Miaka thelathini na nane ya ndoa walibishana kuhusu mvua, kuhusu chumvi ya mboga, kuhusu ndama fulani alizaliwa mwaka gani. Yoakimu akisema saumu zimeiva, Hilda atasema bado wiki. Wapita njia walidhani kuna ugomvi, kumbe ndiyo kunywa chai kwenyewe. Kisha Yoakimu akaenda zake, na dunia nzima ikaanza kumkubalia Hilda. Akisema mvua itachelewa, ni kweli mama. Akisema itawahi, ni kweli mama, pole mama. Hata binti yake Judica, aliyeolewa Arusha, akipiga simu ni ndiyo mama, sawa mama, halafu ana kazi. Hakuna anayebishana na mjane. Wanamwonea huruma, na huruma ukiila kila siku haishibishi.

Sasa mwaka huo yakazuka maneno ya Jumuiya. Malori ya mahindi yalikuwa yamezuiwa mpakani, watu wakakasirika, na mbunge mmoja wa mbali huko akasimama akasema nchi ijitoe kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, kila mtu afunge mlango wake. Basi, vijiweni na minadani kukawa hakuna neno lingine. Redio ndogo ya wilayani nayo haikutaka kupitwa. Ikaanzisha kipindi, kila siku ya kazi saa kumi jioni, wasikilizaji wanapiga simu, na jina lake lilikuwa Tutoke au Tubaki. Mtangazaji aliitwa Festo, kijana mwenye heshima zake, shikamoo haimpungui mdomoni.

Jumatatu ya kwanza Hilda alikuwa amekaa sebuleni anachambua saumu za mbegu, redio inaongea peke yake pale kabatini. Akasikia mzee anapiga simu kutoka Dirma, kule tambarare nyuma ya mlima Hanang. Lafudhi ya Kibarbaig kabisa. Akajitaja jina, Gidahosh, mfugaji, akasema nchi itoke, tena itoke leo.

"Mwenye ng'ombe wake na kisima chake," akasema, "haombi ruhusa kwa jirani ili anywe maziwa."

"Uongo," Hilda akaiambia redio.

Neno likabaki pale sebuleni. Akaangalia kiti cha Yoakimu. Kisha akajifuta mikono, akachukua simu, akapanda kile kilima cha nyuma ya nyumba penye mikaratusi, ndipo mtandao unaposhika, akapiga. Alipopokelewa akamsalimu Festo, akamwamkia yule mzee shikamoo, maana adabu ni adabu, halafu akamwambia kwamba anachosema ni upuuzi. Ng'ombe anakunywa maji, sawa, lakini saumu za Nambis nani anazila? Wakenya. Malori yao yasipopanda mlima huu, saumu zinaota darini. Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema.

"Mama," mzee akajibu, "kidole kimoja kinatosha kumwonyesha mwizi."

Hilda alishuka kilimani anacheka peke yake. Usiku huo alikula ugali wote aliopika. Zilikuwa siku nyingi hajafanya hivyo.

Basi ikawa kila siku. Saa tisa na nusu Hilda ameshanunua kifurushi cha dakika dukani kwa Scolastica, ameshajifunga mtandio vizuri, utadhani redio ina macho, na yuko juu ya kilima. Festo naye aliona ana mali mkononi, akawa anawaunganisha wawili hao pamoja hewani. Wilaya mbili zikawa zinasikiliza. Watu wa Nambis wakamwita Mama wa Tubaki. Yeye Mwambulu na mzee Mbarbaig, ambao babu zao walifukuzana kwa mikuki kwa sababu ya ng'ombe, sasa wanafukuzana kwa vocha.

Na walikuwa na hoja, usifikiri ni kelele tu. Gidahosh alisema hao wa ng'ambo ya mpaka wananunua ng'ombe wetu mnadani wakiwa hai, halafu ngozi inarudi kwetu ni kiatu, na kiatu kinakubana. Hilda alisema kiatu kikikubana unalegeza kamba, huukati mguu. Gidahosh alisema kwenye kundi kubwa ng'ombe mmoja akiugua wanaugua wote. Hilda akamwambia na ng'ombe aliye peke yake fisi anamla bila hata kuharakisha. Akaongeza ile ya wazee, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mzee akasema yeye halimi, hana kapu. Festo alicheka mpaka akaweka wimbo.

Wiki ya tatu, siku moja, Festo akamuuliza mzee kwa nini ana hasira hivyo na hii Jumuiya.  Gidahosh akasema wanawe wote wanne wamehamia kusini na ng'ombe, kutafuta malisho. Walimwambia baba tutarudi mvua zikinyesha. Mvua zimenyesha mara mbili. Yeye amebaki na mbuzi, na mama yao alishafariki. Akasema amejifunza kwamba anayekutegemea atakuacha, basi ni heri utangulie wewe kutoka.

Hilda alikuwa na jibu tayari mdomoni, jibu kali, na akalimeza. Aliangalia Hanang kule mbali, kilele kiko kwenye mawingu, na kwa mara ya kwanza akawaza kwamba nyuma ya mlima ule kuna boma lenye mtu mmoja. Akasema kwa upole kwamba mzee amekosea, lakini kesho atamweleza vizuri zaidi.

Sasa mambo mazuri hayakawii kuisha. Alhamisi moja Festo akatangaza kwamba kesho ndiyo mwisho. Wakubwa wameamua, kuanzia Jumatatu saa kumi itakuwa ya mpira. Kila mpiga simu atapewa dakika moja ya neno la mwisho, na asante kwa kuwa nasi.

Hilda alikaa pale kilimani mpaka baridi ikamwingia mifupani. Hakuwa na namba ya yule mzee. Redio haikutoa namba za wasikilizaji, ulikuwa utaratibu wao, na hata kama ingetoa, mjane wa miaka sitini na tatu, mwanakwaya, aiombe namba ya mwanamume kwa sababu gani? Apate kumwambia nini? Alijua anataka kumwambia nini. Alitaka kumwambia amekosea, kesho, na keshokutwa, na siku ya tatu yake.

Ijumaa foleni ya simu ilikuwa ndefu. Hilda alisubiri huku simu iko sikioni, dakika zake zinaliwa, na akasikia zamu ya Gidahosh. Mzee hakutaja ng'ombe wala mpaka. Alisema msimamo wake ni uleule, tutoke. Halafu akasema, "Ila sijui kesho nitabishana na nani." Akaaga.

Festo akasema tunaye Mama wa Tubaki, mama shikamoo, una dakika moja. Hilda akaitikia. Alikuwa ameandaa maneno mazuri kuhusu ujirani, ameyakariri tangu asubuhi. Yakamtoka yote kichwani.  Kisha, mbele ya wilaya mbili, mbele ya paroko na kwaya nzima na Scolastica wa dukani, akasema mzee Gidahosh achukue kalamu, na akaanza kutaja namba yake ya simu, tarakimu moja moja, polepole, kama anayemsomea mtoto imla. Alipofika ya nane, simu ikalia tii, tii, tii. Dakika zimeisha.

Zilibaki tarakimu mbili.

Alikimbia dukani na umri wake ule, akakwangua vocha kwa ukucha, akapiga, na redio tayari ilikuwa inapiga nyimbo. Jumamosi laini haikupokelewa. Jumatatu akapokea binti mmoja, akauliza mama nikusaidie nini, na ule ujasiri wa Ijumaa haukuwepo tena. Hilda akasema samahani, amekosea namba.

Aibu yenyewe alikuwa ameshaipata Jumapili kanisani. Hakuna aliyemcheka usoni, angalau wangemcheka. Walimshika mkono, wakamwambia pole mama, upweke huo, tunaelewa. Konsolata, jirani yake wa bonde la chini, akamwambia amwachie Mungu. Hilda alirudi nyumbani, akaizima redio, na kuanzia hapo saa kumi ikawa saa ndefu kuliko zote.

Siku ya Jumatano Marko katekista akasimama na baiskeli yake kwenye ua wa Hilda kuulizia maziwa, akaanza kulalamika habari za matapeli wa simu. Jana kapigiwa na mzee mmoja, lafudhi ya tambarare, anauliza kama hapo ni kwa mama. Mama gani? Hasemi. Marko akamkemea kwa jina la Bwana na kukata.

"Namba yako inaishia ngapi, katekista?" Hilda akauliza.

Marko alishangaa, lakini akasema ni themanini na nane.

Hilda akasahau habari ya maziwa. Maana hapo inabidi ujue jambo moja. Laini za watu wa Nambis zilinunuliwa siku moja. Wakala alikuja na meza yake mbele ya ofisi ya kata, watu wakapanga mstari, na laini zikatolewa kwa kufuatana namba, kama tiketi. Marko alipata themanini na nane. Konsolata tisini na tano, Scolastica tisini na sita. Na Hilda, ambaye alichelewa kwa sababu Yoakimu alikuwa anabishana na wakala, alipata tisini na saba.

Mzee alikuwa ameanza na sifuri sifuri. Alikuwa anazijaribu zote, moja moja, na ameshafika mstari wa Nambis.

Siku ile Hilda alichaji simu mpaka ikajaa, akapanda nayo kilimani na kushuka nayo, akaiweka mezani akila. Alhamisi haikulia. Ijumaa haikulia. Jumamosi alijipigia kutoka simu ya Scolastica kuhakikisha inalia, ikalia. Akamuuliza Scolastica kama kuna mzee amempigia wiki hii. Hakuna. Mzee hakufika tisini na sita.

Hilda akateremka mpaka bondeni kwa Konsolata. Miaka mitatu hajakanyaga ua ule, ni Konsolata ndiye anayepanda kuja kumpa pole. Alimkuta anapepeta maharage. Akamuuliza moja kwa moja, na Konsolata akainamisha macho kwenye ungo. Ndiyo, alipiga, Jumatano jioni. Alimtambua hapohapo, sauti ile nani haijui.

"Nikamwambia amwache mjane wa watu apumzike," akasema Konsolata. "Nikamwambia unamtia aibu mama wa watu, usirudie. Akasema samahani, hatapiga tena. Nimekusaidia, Mama Judica."

"Hukunisaidia."

"Mama Judica, huyo ni Mbarbaig, humjui, wala hakujui."

"Ananijua. Nipe namba yake."

"Sikupi. Watu watasemaje?"

"Waseme. Siku zote wanasema pole, waseme kitu kingine."

Konsolata alisema Hilda amechanganyikiwa. Hilda alisema aliyechanganyikiwa ni mtu anayegawa huruma kama chumvi bila kuuliza kama mboga inaihitaji. Walibishana hapo hadi kuku wakaondoka uani. Mwishowe Konsolata akatupa simu yake juu ya maharage, akasema haya, chukua, mimi sipo. Hilda hakuwa na kalamu. Aliandika namba kwa mkaa nyuma ya mkono wake.

Akapanda kilimani. Hanang ilikuwa wazi siku hiyo, mlima wote mpaka chini. Akapiga. Ikaita muda mrefu, na alipopokea, mzee, akidhani ni Konsolata tena, hakumpa nafasi ya kusalimia.

"Nimeshasema samahani, mama yangu," akasema, amechoka. "Nimeacha. Sitamsumbua mtu tena."

 

"Shikamoo, mzee," Hilda akasema. "Ulibakiza namba mbili tu."

 Kule nyuma ya mlima mbuzi akalia karibu na simu, na mzee akasikika akimfukuza.

"Marahaba," mzee akasema hatimaye. Kisha akakohoa, akatengeneza sauti yake ile ya redioni. "Mimi bado nasema tutoke."

Hilda akakaa chini kwenye majani ya mikaratusi, machozi yanamtoka, akamwambia amekosea, na akaanza kumweleza.