Baridi ya Maiti

Mambo yaliharibika Jumapili ya tarehe kumi na tisa Juni, siku ya sikukuu ya viazi. Saa hiyo gari la wagonjwa la manispaa lilikuwa likizungushwa uwanjani, limevishwa maua, malkia wa viazi kakalishwa juu ya boneti, king'ora kinalia kwa furaha. Na gari lilikuwa hilo moja tu. Juu kule mlimani, Ludivina alikuwa ameshikilia ukingo wa kitanda, damu inamtoka, na mimba yake haijatimiza hata miezi saba.

Mumewe, Belarmino, alipiga simu mpaka akapokelewa. "Vumilia kidogo, bwana," sauti ikamwambia, "maandamano yakiisha tu." Belarmino shule aliiachia darasa la tatu, na kazi yake ni kulima viazi vya wenzake, lakini hata yeye alijua kwamba damu haisubiri maandamano. Akamkimbilia jirani mwenye lori la maziwa. Ludivina akateremshwa mlima amelala katikati ya madebe, amefunikwa ruana ya mumewe, lile joho zito la sufu ambalo wanaume wa kule hawalivui ila kwa kulala.

Hospitalini mtoto akatoka hai. Mama akabaki huko huko.

Belarmino hakumwachia mtu mwingine kazi ya kumwandaa maiti. Alimwosha mkewe uso, akamchana nywele, akambusu kwenye paji. Baridi ya paji lile ikamganda midomoni, ikakataa kumtoka. Alipogeuka, akamkuta mama mkwe wake, Bi Custodia, kasimama mlangoni na rozari mkononi, macho yamevimba.

"Umemgusa maiti, mkwe wangu."

"Alikuwa mke wangu."

"Na mimi alikuwa mwanangu. Sikulaumu. Lakini sasa umebeba baridi yake. Yule kichanga usimsogelee mpaka sala za siku tisa ziishe na nikuogeshe kwa maji ya majani ya ruda. Ukimgusa kabla, utamgandisha."

"Kwani mimi sijui?"

Alijua. Kule kwao kila mtu anajua. Anayetoka kwenye maiti hapiti mlango wa nyumba yenye mtoto mchanga, kwa sababu baridi humrukia mtoto, ikamwingia kwenye mifupa, naye akasinyaa kama jani la kiazi lililopigwa na sakitu. Na huyu wa Belarmino tangu mwanzo hakuwa mtoto aliyetimia. Alikuwa njiti, mwekundu, ngozi yake nyembamba kama ganda la kitunguu.

Basi akawa mtu wa dirishani. Wakamzika Ludivina, akarudi akasimama nje ya kioo cha wodi, akitazama. Ndani mlikuwa na chupa tatu, yale masanduku ya kioo yenye joto ambamo njiti hulazwa, na watoto walikuwa wengi kuliko chupa. Binti yake alilazwa pamoja na mtoto wa mwanamke mwingine, kichwa huku na miguu kule. Kitasa cha mlango wa chupa yao kilikuwa kimevunjika. Mlango ulishikiliwa kwa plasta, ile ile ya kufungia vidonda.

Siku ya nne muuguzi mmoja akatoka. Jina lake Nidia, mwanamke mnene wa makamo, asiyejua kuzungumza bila mikono yake kufanya kazi. Hata pale alikuwa akikunja nepi.

"Wewe baba wa Kiazi, hicho kioo utakimaliza kwa pumzi zako. Ingia ndani."

"Kiazi ndiye nani?"

"Bintiyo. Kazaliwa sikukuu ya viazi, hana jina, na rangi yenyewe unaiona. Akina mama wamembatiza. Kama hupendi, mpe lako."

"Siwezi kuingia, nesi. Nimemgusa maiti."

Belarmino alingoja acheke. Madaktari wangecheka. Nidia hakucheka. Aliweka nepi kwenye dirisha, akamnyooshea viganja vyake.

"Vishike."

Akavishika. Vilikuwa vya moto kama mkate.

"Mikono hii ndiyo iliyomfunga mkeo kidevu kabla hujaingia. Wiki ile nyingine ilimvika mtoto wa mwanamke wa bondeni nguo zake za kuzikiwa. Na ndiyo hii hii inayomgeuza binti yako, inayompangusa, inayomshikia mrija wa maziwa tangu Jumapili. Ikiwa baridi ya maiti inaruka, mbona haijamrukia?"

Belarmino akavigeuza viganja vile, akavitazama.

"Baridi anayo, baba, sikufichi. Lakini ni baridi ya kukosa mama. Wenzake wanafungwa vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kutwa kucha, kama kangaruu. Yeye hana kifua. Cha kwako kina kazi gani?"

"Kifua cha mwanamume?"

"Joto halina ndevu."

Belarmino akamtazama. Akatazama kama Bi Custodia yuko karibu. Kisha akaingia, akanawa mpaka viwiko, akavua shati mbele ya wanawake wasiomjua, amekunja mabega kwa aibu. Nidia akamlaza yule mtoto katikati ya kifua chake, akamgeuza uso upande, akawazungushia kitambaa wote wawili, akakaza. Juu yake akateremsha ruana. Mtoto alikuwa mzito kama viazi viwili mfukoni, wala si vikubwa.

"Akisahau kupumua," Nidia alimwambia, "usipige kelele. Msugue unyayo. Wewe pumua tu, atakufuata."

"Jamani, jifunikeni, baba mzazi kaingia!" akasema Graciela, mama wa yule mtoto aliyelala chupa moja na Kiazi. "Baba Kiazi, maziwa yameshuka?"

"Yameshuka," alisema Belarmino, "ila yana harufu ya kitunguu."

Wakacheka wote. Na yeye akashangaa kwamba ni kinywa chake kilichosema vile, mtu aliyetoka kuzika juzi.

Toka hapo hakuondoka kwenye kiti kile mchana kutwa. Aliletewa maji ya sukari guru, akanywa kwa mkono mmoja. Mwanawe akaanza kupata rangi ya mtu. Kinywa kikaanza kutafuta, kikimgonga kwenye mfupa wa kifua kama kifaranga, na Graciela akamkamulia maziwa yake kwenye kikombe ili naye apitishiwe kwenye mrija. Nidia alipompima joto alikuwa akisema "Mmh," ile mmh ya mpishi aliyeonja akaridhika. Belarmino akaanza kufanya kosa ambalo maskini hatakiwi kulifanya. Akaanza kuwaza mbele. Akaona kitanda chao kule mlimani, akawaza ni ukuta upi usiopitisha upepo.

Lakini kila jioni, sahani za chakula zikishakusanywa, mlinzi alikuja mlangoni. "Haya, mzee, toka." Mwanamume haruhusiwi kulala chumba cha akina mama, ndivyo alivyoagiza mkurugenzi, Daktari Urrutia. Belarmino alifunguliwa kitambaa, mtoto akarudishwa chupani, naye akaenda kulala chini ya turubai la soko, kifua kikimwasha mahali mtoto alipokuwa.

Nidia akamchukua mpaka kwa mkurugenzi. Walimkuta kwenye lango kuu, akisimamia mafundi waliokuwa wakisimika sanamu mpya ya Bikira yenye taa za rangi, kwa sababu gavana alitarajiwa.

"Bwana mkubwa," alisema Belarmino, kofia mkononi, "naomba kulala na mwanangu."

"Hapa ni hospitali, siyo zizi. Mle ndani wanawake wananyonyesha."

"Wenyewe hawana neno, daktari," Nidia akasema. "Nipe pazia tu nimtenge kwenye kona. Na kama pazia hakuna, basi nitengenezewe ile chupa. Kitasa nimekisema tangu Krismasi."

"Litaangaliwa."

"Daktari," alisema Belarmino, "usiku mwanangu analala na nani?"

"Analala kwenye mashine ya kisasa, bwana. Ni bora kuliko kifua chako." Kisha akamgeukia fundi. "Hiyo ya buluu ipandishe kidogo."

Belarmino alimpenda Bikira kama Mkristo yeyote, na alikuwa na hakika kabisa kwamba Bikira hakuomba taa.

Usiku wa kuamkia Jumatatu ilinyesha mvua ya mlimani, ile inayoshuka na mawe. Asubuhi Belarmino alikuja na mkate wa Graciela chini ya ruana ili usilowe. Akamwona Nidia anamngoja mlangoni. Mikono yake imetulia. Hakukunja nepi, hakupangusa kitu, imening'inia tu. Belarmino akajua kabla hajaambiwa.

"Plasta ililegea na unyevu," alisema Nidia. "Mlango ukafunguka. Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja, na yeye alikuwa kule wodi nyingine na mama anayevuja damu. Mtoto wa Graciela alikuwa kifuani kwa mama yake. Wako alikuwa peke yake."

"Yupo?"

"Yupo. Lakini hatakaa, baba. Mapafu yamechoka. Sitakudanganya. Nilipoingia nilimpokea kifuani mwangu, nikakungojea, kwa sababu sikutaka aondokee ndani ya kioo. Utamchukua?"

Kwenye benchi la ukumbini alikaa Bi Custodia na chupa ya maji ya ruda mapajani. Aliinuka.

"Nilikwambia, Belarmino. Nilikwambia ungoje. Kesho tu sala zinaisha. Kesho tu!" Hakuwa na hasira. Alilia kama mtoto, na hilo lilimuuma Belarmino kuliko matusi.

Alivua shati. Safari hii hakuona aibu. Nidia akamlaza mtoto mahali pale pale, akautoa mrija wa puani, akakaza kitambaa, akateremsha ruana. Hakuna aliyemtania. Graciela alisogeza kiti chake, akaweka mkono juu ya goti la Belarmino, akauacha hapo. Nidia akachovya kidole kwenye maji, akamgusa mtoto paji la uso kumbatiza.

"Jina lake?"

"Ludivina."

Belarmino akapumua, ili mtoto amfuate. Akamsugua unyayo. Mtoto akamfuata, akasahau, akamfuata tena. Na kadiri alivyokaa ndivyo ule mwili mdogo uliokuwa baridi kama jiwe la mtoni ulivyozidi kupata moto. Akafurahi.

"Nesi! Mguse! Amepata joto."

Nidia akaingiza mkono chini ya ruana, akautuliza pale muda mrefu.

"Ni joto lako, baba," alisema. "Yeye ameshakwenda."

Hakuna aliyemharakisha. Nidia alikaa sakafuni karibu na miguu yake, na mlinzi alipochungulia, alimtazama tu, mlinzi akarudi nyuma. Walipomaliza kulia, Belarmino akasema atamtoa wodini mwenyewe, hivyo hivyo alivyo, akiwa kifuani.

Kwenye ukumbi walikutana na Daktari Urrutia, anawaongoza wageni wenye suti kwenda kuona sanamu. Belarmino akasimama katikati ya njia.

"Pole sana, bwana," alisema mkurugenzi, akiwa tayari anatafuta pa kupitia. "Ni mapenzi ya Mungu."

"Sijakuuliza Mungu alipenda nini." Belarmino akafunua ruana. "Weka mkono hapa. Usiogope, hang'ati."

Wageni wakatazama chini. Mkurugenzi hakuweka mkono.

"Mimi sikusoma, daktari, wewe umesoma. Mama mkwe wangu yule pale, anasema baridi iliyomuua binti yangu ni ya maiti, nimempelekea mimi. Nesi anasema imeingia kwenye mlango uliofungwa kwa plasta. Mimi nakwambia ilianza siku mlipolivisha maua gari la wagonjwa. Na ziko siku nne nilizosimama dirishani, naogopa kifua changu mwenyewe, hizo nazo sijui nizipeleke wapi. Lakini huyu kaondoka ana joto. Mpaka sasa analo, mguse uone. Basi niambie wewe unayejua: baridi ile ilikuwa ya nani?"