Marehemu Aliyekula Chapati Ximending

Jua lilikuwa ndiyo kwanza limezama, na watu wameanza kufurika kandokando ya bustani; Siu-luan alikuwa kwenye meza yake katika soko la usiku la Luodong akigeuza chapati za vitunguu majani, alipopata habari kwamba mama mkwe wake amefariki.

Aliyemletea habari ni binti mmoja mgeni kutoka Taipei. Aliuma chapati, akafumba macho, akasema, "Shangazi, mbona hii ndiyo ile ile ya kwetu, mtaa wa Ximending! Ile ya marehemu bibi."

"Marehemu bibi yupi?"

Binti akatoa simu. Duka lilikuwa la vioo, taa zake rangi ya asali, foleni imemwagika hadi barabarani. Ukutani ilitundikwa picha kubwa ya mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani, mikono imejaa unga. Chini yake wameandika: *Kwa kumbukumbu ya mama yetu mpenzi. Mikono imelala, ladha inaishi.*

Siu-luan akageuka kumtazama mwenye picha. Bi A-Tao, mama mkwe wake, alikuwa pale pale nyuma ya jiko, kwenye kigoda, anakanda unga huku akimtukana muuza soseji wa jirani kwa kumpulizia moshi.

Duka lile lingeweza kuwa la mtu mmoja tu: Kuo-pin, mwana pekee wa Bi A-Tao, aliyekuwa mume wa Siu-luan. Aliondoka akisema amechoka kunuka mafuta, akamwachia mkewe meza, jiko na mama. Mke huachwa, hilo Siu-luan alikwishalimeza, japo lilimkwama kooni. Lakini kumuua mama yako ili uuze chapati?

Angeweza kuficha. Bibi hana simu, asingejua kamwe. Lakini moyo wa Siu-luan ulikuwa umeshachemka, na kinachochemka husukuma kifuniko. Binti alipoondoka, alimweleza mkwewe yote, neno kwa neno.

Bi A-Tao aliusukuma unga kwa viganja. Kisha akauliza, "Nani alilia?"

"Alilia wapi, mama?"

"Kwenye mazishi yangu. Nani alilia?"

Siu-luan akaopoa chapati iliyoanza kuungua.

"Basi Jumamosi tunakwenda," bibi akasema. "Nitolee lile gauni langu la harusi za watu."

Wakapanda basi, wakapita handaki la mlimani, wakashuka Taipei mchana mweupe. Siu-luan aliichukia mitaa ya Ximending kwa sababu ilikuwa mizuri. Muziki ulitoka kila mlango, vijana wenye nywele za samawati walipita wameshikana mikono, viatu vimepangwa nyuma ya vioo kama peremende. Zamani, alipokuwa mchumba, alitembea hapa na Kuo-pin hadi miguu ikavimba, na hakutaka kurudi nyumbani. Bi A-Tao naye alisimama kila dirisha. Akajaribu kofia nyekundu, akajitazama kiooni, akacheka.

"Sasa naelewa kwa nini hakurudi," akasema.

Neno lile lilimchoma Siu-luan; akaichukua kofia, akairudisha mahali pake.

Walipanga foleni kama wengine, wakapewa meza chini ya picha. Bibi akaikata chapati, akatafuna taratibu. Kijana wa meza ya pili akaitazama picha, akamtazama yeye, akairudia picha.

"Bibi, umefanana na marehemu kama mapacha!"

"Ndiye mimi," akajibu Bi A-Tao, mdomo umejaa.

Watu wakacheka. Kisha wakaangalia vizuri, vicheko vikafa kimoja kimoja. Kuo-pin akatoka jikoni na sahani mkononi. Alipowaona, akaiweka sahani mbele ya mteja asiyeiagiza.

"Mama... twende nyuma tuongee."

"Maiti haitembei."

"Mama, haya ni mambo ya biashara tu. Watu wa mjini wanapenda hadithi."

"Hata mimi naipenda. Ila hadithi yako haina kilio." Bibi akafuta vidole. "Kwetu, mtoto akichelewa msiba wa mama yake, anaingiaje?"

Kila mtu mle ndani alijua: huingia kwa magoti, anatambaa kutoka mlangoni huku analia.

"Umechelewa, mwanangu. Toka nje, uingie vizuri."

Kuo-pin akamgeukia Siu-luan, macho yamewaka. "Ni wewe umemchochea!"

"Mimi? Mimi nimemsindikiza tu marehemu."

Simu zilikuwa zimeinuliwa kila meza. Kuo-pin alitoka, na Siu-luan akadhani atakimbia. Alisimama mlangoni, mtaa unapita nyuma yake na muziki wake, kisha akapiga magoti. Mwanzo aliigiza, mfanyabiashara ni mfanyabiashara, labda aliona wateja watapenda. Lakini katikati ya sakafu kitu kilimkatika, sauti ikamtoka ya kitoto, na machozi yakawa machozi kweli. Siu-luan aliyatazama yakidondoka. Yalikuwa matamu kama muwa. Alitamani sakafu ile iwe ndefu zaidi.

Alipofika akaikumbatia miguu ya mama yake. Bibi akamwekea mkono kichwani, na Siu-luan akaogopa: anamsamehe.

"Umenizika vizuri," Bi A-Tao akasema. "Tumemaliza. Marehemu hana mtoto. Ishushe picha yangu."

Kuo-pin aliishusha mwenyewe. Wanawake wawili wakarudi nayo kwenye basi, imekaa katikati yao hadi Luodong.

Video zilienea kama moto wa nyika. Watu wakaja sokoni makundi kwa makundi kumwona bibi aliyefufuka. "Kula kwanza," aliwaambia, "ndipo uguse mzimu." Foleni ya Ximending ikakauka. Kuo-pin akaligeuza duka kuwa la juisi, juisi nayo ikamshinda, akafunga. Siku Siu-luan aliposikia, aliimba tangu asubuhi hadi anawasha jiko.

Baadaye muuza vitunguu alimletea habari nyingine: Kuo-pin anabeba mizigo soko la jumla la mboga, anakohoa, amekonda hadi nguo zinamning'inia.

Jioni moja ya mvua, wateja haba, Bi A-Tao aliacha kukanda. Hakuinua uso.

"Yule," akauliza, "anakula lakini?"

Siu-luan akaigeuza chapati, akaibana juu ya mafuta mpaka ikalia.

"Sijui, mama," akasema.