Mshono wa Dakika ya Arobaini na Moja

Kila Alhamisi, saa tisa kasorobo alasiri, fundi cherehani alifunika mashine yake kwa kitambaa, akachomeka sindano kwenye ukosi wa gauni, akatia mfukoni kibonge cha uzi wa kijani uliobaki kwenye sare za shule, akaenda sinema.

Mara ya kwanza alikwenda ili aichukie ile filamu. Alikuwa na haki zote za kuichukia, kwa sababu mumewe alikufa wakati inatengenezwa. Kazi ya mumewe ilikuwa kuanguka. Mwigizaji mwenye sura inayojulikana haangushwi ovyo. Huletwa mtu mwingine wa umbo lake, akavishwa nguo zake, akaanguka kwa niaba yake, mradi asionyeshe uso. Kwa miaka kumi na tisa mume wa fundi alianguka kutoka kwenye farasi, mapaa na magari yanayokwenda kasi, na jioni alirudi nyumbani akilalamika kwamba viatu walivyompa vinambana.

Safari hii alianguka kwa niaba ya mwigizaji mnene, akiwa amefungwa mto tumboni, mto alioushona fundi mwenyewe. Ilikuwa atoke kwenye dirisha la ghorofa ya tatu, atue juu ya lori la magodoro. Walipiga picha mara mbili, wakaamua kurudia, na mtu mmoja akalisogeza lori kidogo ili kivuli chake kisionekane. Kampuni iliandika kwamba marehemu aliteleza kwenye ngazi za nyumbani kwake. Kwenye mabango ikaandika kwamba Mnene aliruka mwenyewe.

Nyumbani kwa fundi ni chumba na sebule, chini kabisa, mlango unafungukia barabarani. Ngazi hakuna.

Basi alikaa safu ya nne, mikono kaikunja, uso kaufunga. Tatizo ni kwamba filamu ilikuwa nzuri. Marafiki wawili, Mrefu na Mnene, wasioweza kukaa dakika mbili bila kugombana, wanavusha jokofu milimani huku majambazi wakiwafukuza kwa kudhani ndani mna dhahabu. Mna keki ya dada yake Mrefu. Kila risasi zinapoanza kulia, hao wawili wanabishana nani aliacha mlango wa jokofu wazi. Fundi alijikaza mpaka dakika ya kumi na mbili, kisha kicheko kikamponyoka. Kufika nusu saa alikuwa anafuta machozi, na kati ya kicheko na kicheko alijionea aibu, kwa kuwa alijua kinachokuja.

Dakika ya arobaini na moja Mnene alikimbilia dirishani, na aliyepasua kioo akatoka hakuwa Mnene. Fundi alikijua kile kisogo. Alikuwa amekinyoa yeye kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa. Mkono wa shati ulinasa kwenye kioo ukachanika, mwili ukatua kwenye magodoro, kisha akainuka Mnene halisi, akajipangusa, akaendelea kubishana.

Mume wa fundi, kwa kuwa hakuwa na la kufanya tena kule, alishuka kutoka kwenye skrini upande wa mlango wa dharura, akapita kati ya magoti ya watu akisema "samahani, samahani," akakaa kiti cha kushoto kwa mkewe. Alikaa upandeupande, akimpa kisogo.

"Umecheka," alisema.

"Nimecheka. Nisamehe."

"Msamaha wa nini? Ile ya mlango wa jokofu tuliirudia mara tisa. Ningekasirika ungenuna."

"Geuka basi nikuone."

"Bado niko kazini, mke wangu. Mtu wa kuanguka hageuki mpaka jina lake lipite kule mwishoni. Likipita, kazi imekwisha, anageuka."

Wakangoja. Majina yakapita: Mrefu, Mnene, majambazi, madereva, wapishi, aliyemwogesha farasi, farasi. Kisha taa zikawaka, na kiti cha kushoto kilikuwa na vipande vya kioo tu.

"Mwambie mzee ajikung'ute kabla ya kukaa," alisema mkata tiketi, aliyekuja na ufagio. "Watu wanakalia hapo."

Alhamisi ya pili fundi alikuja na sindano. Hakuweza kuvumilia mumewe akae mbele za watu na shati lililochanika. Alimshika mkono gizani, akaanza kushona, na kule kwenye skrini, katikati ya kufukuzana, mkono wa shati la Mnene ukaanza kujifunga, tundu kwa tundu, kwa uzi wa kijani. Watazamaji walipenda. Wiki iliyofuata shati lilichanika palepale, fundi akalishona palepale. Habari zikafika kwamba hata kwenye kumbi za miji mingine, Alhamisi saa tisa, mshono unaonekana. Watu wakaandikia kampuni kuuliza ni nani anayeshona vizuri hivyo huku magari yanapinduka.

Mkata tiketi akawaelekeza, ndipo kampuni ilipomwita.

Afisa alikuwa mtu mpole, mwenye meza safi na faili moja. Alimkaribisha fundi chai.

"Mama, uzi wako umetuletea heshima. Ungetumia wa kahawia, rangi ya shati, tungeshukuru zaidi, lakini hata huo si mbaya. Tukusaidie nini?"

"Jina la mume wangu liandikwe pale mwishoni. Sitaki kingine. Akiandikwa atageuka, na mimi nitamwona uso."

Afisa alifungua faili, akasoma kwa makini, akalifunga.

"Hapa tumeandika alianguka kwenye ngazi za nyumbani."

"Nyumba yetu haina ngazi."

"Ndiyo, tuliliona hilo. Lakini tukiandika kwamba kuna aliyeanguka, Mnene atakuwa hakuruka. Na Mnene ameshahojiwa kwenye televisheni, ameeleza alivyojisikia hewani." Alisikitika kwa dhati, ilionekana. "Ila kampuni hii haimwachi mtu aliyefanya kazi bila kumwandika. Hilo nakuahidi. Andika hapa jina lako kamili."

Fundi aliandika. Alikwenda nyumbani akijiambia kwamba pengine wameona haya, pengine wanataka jina la mke ili walifikie la mume. Usiku wa Jumatano alipiga pasi gauni lake la kijivu.

Alhamisi mumewe alishuka kama kawaida, akajikung'uta vioo kwenye ujia, akakaa. Fundi alimshonea mkono wa shati, akakata uzi kwa meno, akatulia. Jokofu lilipofunguka kule kwenye skrini, wakaila keki iliyomwagika pamoja na watu wote, kwa macho. Majina yakaanza. Mrefu, Mnene, majambazi, madereva, wapishi, aliyemwogesha farasi, farasi. Baada ya farasi: Mshono wa mkono, na jina la fundi, lote, pamoja na la baba yake. Kisha skrini ikawa nyeusi, na taa zilikuwa bado hazijawaka.

Ukumbi ulipiga makofi.

"Limepita?" aliuliza mumewe.

"Limepita langu."

"Herufi kubwa?"

"Sawa na za farasi."

Naye akapiga makofi, akiwa bado amempa kisogo, kwa nguvu, mpaka mkono wa shati ukaanza kuvuta mshono. "Hongera, mke wangu," alisema. "Kuandikwa si jambo dogo." Fundi alilia, na hakuficha. Alimwekea kiganja shingoni nyuma, akakuta nywele zimeota, zinachoma, za wiki nyingi bila kunyolewa.

Taa zikawaka.

Alhamisi iliyofuata, saa tisa kasorobo, alifunika mashine, akachomeka sindano kwenye ukosi, akatia mfukoni uzi wa kijani, na wembe.