Fundi Aonje Kwanza

Fundi Deo alikuwa akikaza skrubu ya mwisho ubavuni mwa kompyuta, na Skolastika amesimama nyuma yake. Juu ya meza palikuwa na vifuko viwili vya sidii. Kimoja kilikuwa tupu.

"Uliniambia nitachagua mwenyewe," Skolastika alisema.

"Utachagua, mama. Windows ya tisini na nane hii hapa. Sidii ya elfu mbili nimeitia tu mashineni, ikae tayari."

"Wali uko sahanini, ndiyo unaniuliza kama nataka ugali."

Deo akacheka. Skolastika hakucheka. Taipureta yake, iliyomlisha pale Kilwa Masoko tangu mumewe afariki, alikuwa amekwisha kuitoa ili apate ile mashine. Jumatatu anafungua chumba cha kuchapa. Umeme wa jenereta ya mji hukatika bila hodi, na kule Nangurukuru alimwona mtu akipoteza kazi za wateja namna hiyo hiyo. Wateja wenyewe hawakurudi tena.

"Hii mpya ina nguvu," Deo alisema. "Umeme ukikatika inainuka yenyewe. Ile ya zamani kila ukiiwasha itaanza kujikagua, na siku nyingine haiinuki."

"Ofisini kwako Lindi unatumia ipi?"

Fundi akaigeuza bisibisi mkononi. "Ya zamani."

"Ehe."

"Mashine yangu ndogo, mama. Haiibebi hii mpya. Yako inaibeba."

Huenda ni kweli. Huenda pia anataka pa kujifunzia, kisha mambo yakiharibika aitwe tena. Skolastika akamkumbuka mama yake kule kijijini, ambaye hakumpa mgeni kata ya pombe kabla hajapiga funda moja mwenyewe, mgeni akimwona.

"Kwenu pombe hupewa mgeni vipi?" aliuliza.

"Anayetoa anaonja kwanza," Deo alijibu, kisha akaitazama mashine. "Mama, hii ni kompyuta."

"Ndiyo unayonipa ninywe. Mfukoni una disketi. Ina nini?"

"Kadi za harusi ya dada yangu. Nimezichora mwezi mzima."

"Ukimaliza kuweka hiyo mpya, hamishia humo kadi zako. Uzifungue, uongeze maneno, nami nichomoe waya."

"Sina nakala nyingine."

"Nami sina taipureta nyingine."

Deo akapangusa mikono kwenye suruali. Halafu akaitoa disketi, akaiweka juu ya mashine, akabonyeza kitufe ile mpya ianze kuingia. Skrini ikawa ya buluu, maandishi yakaanza kupanda. Skolastika akavuta kiti karibu na soketi, akaushika waya.

Hakuwahi kuuvuta. Feni ilipunguza mwendo, ikasimama. Skrini na taa zikafa, mtaa mzima ukanyamaza.

"Haijafika hata nusu," Deo alisema gizani. "Itabidi kuanza upya."

"Kesho asubuhi."

"Disketi naiacha hapo hapo, mama, usije ukadhani nimeogopa."

Alipoondoka, Skolastika alichomoa waya kwenye soketi, akafunga madirisha, kisha akaipapasa ile disketi. Nyepesi. Yenye kadi na isiyo na kitu zina uzito mmoja. Akaifunga kwenye pindo la khanga yake. Kesho, kabla fundi hajagusa kingine, atamwambia aifungue kwanza.