Cheo Msumarini

Katika kiwanda chetu cha mikate pale Tampere, Ufini, Raija alisifiwa kwa jambo moja: anakuza watu. Makao makuu walimpa hata ngao ya kioo, akaiweka dirishani tuione wote. Uongo mtupu! Aliyetukuza ni Mervi. Yeye ndiye aliyenifundisha kukanda unga wa mkate mweusi, na ndiye aliyemshika mkono Raija alipokuja hapa hajui tanuri wala sinia, akamsukuma hadi akawa bosi wake. Miaka yote hiyo Mervi alitamani kitu kimoja tu, usimamizi wa zamu, na sasa nafasi ilikuwa wazi.

Ijumaa wanawake tukaingia sauna, chumba cha kuogea mvuke, kama ilivyo desturi ya kazini. Kwetu saunani hakuna bosi. Kila mtu yuko uchi, na cheo chake amekiacha nje msumarini pamoja na nguo.

"Mervi, shoga yangu," Raija akasema, "humu ni ukweli mtupu. Hicho cheo, kuna kinachokutisha?"

Mervi akacheka. "Kusimama mbele ya watu, jamani! Mikono inanitetemeka. Na tangu mume wangu aondoke, hata usingizi siupati."

"Pole, dada. Asante kwa kuniamini." Akamsugua mgongo.

Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakuwahi kuingia sauna na Raija.

Jumatatu akatukusanya wakati wa kahawa. "Mervi mwenyewe amekiri usimamizi unamtisha. Mikono inatetemeka, halali usiku. Kiongozi mzuri hambebeshi mtu mzigo wa kumvunja mgongo. Msimamizi atakuwa Henna. Na wewe Mervi, kipaji chako ni kukuza wengine. Nikuzie Henna."

Watu wakapiga makofi. Mervi naye akapiga. Nilitamani kumrushia Raija kikombe.

Henna alikuwa binti mpole, mgeni kazini, hana kosa na mtu. Wiki mbili hazijapita nikamkuta analia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Mervi akimfuta machozi.

"Siwezi, dada Mervi. Wananicheka. Nifanye nini?"

"Mwambie Raija."

"Si atanivua cheo?"

"Nani, Raija? Yule anakuza watu! Ila usimwambie ofisini, mwanangu. Subiri saunani. Mwambie yote, usibakize."

Henna akamkumbatia. "Sijui ningekuwa wapi bila wewe."

Nikamfuata Mervi hadi kwenye tanuri. "Huyu mtoto amekukosea nini?"

"Hajanikosea." Akavuta sinia la mikate bila kunitazama. "Nimeambiwa nimkuze. Namkuza."

Ijumaa Henna akaketi bega kwa bega na Raija, magoti ameyakumbatia. Mervi akachota maji, akayamwaga juu ya mawe ya moto, mvuke ukatuunguza masikio.

"Haya, mwanangu," akasema kwa upole uleule aliotufundishia kazi sote. "Sema."