Mke wa Jumapili

Watu wa Iyula wana utu, na siku nyingine utu huo huwaponza. Rubeni alipoacha upishi kwa mzungu wa kahawa, mwaka ule wa 1953, akiwa na miaka arobaini na moja na meno yote kinywani, majirani walisubiri majuma sita wakitumaini ataitwa tena. Walipoona bado anapalilia shamba lake, wakakata shauri kwamba kazi ile imekufa kweli. Basi wakaenda kumpa pole kama waendao msibani. Walikuja Jumapili baada ya ibada, na unga kwenye ungo na kuku wawili, nyuso wamezikunja.

"Pole mwenzangu," Ketrina, jirani wa shamba la chini, alimwambia Marta, mke wa Rubeni. "Mungu atafungua mlango mwingine."

Marta aliitikia kwa sauti ya mfiwa. Angesema nini? Mwenyewe alikuwa amelia siku tatu. Jiko la mzungu haliachwi na mtu mwenye nguvu zake, mtu hufukuzwa. Ilisemwa kwamba Rubeni alidokoa sukari, na Marta, Mungu amsamehe, alisadiki. Kwa aibu hiyo alimtumia salamu kaka yake Gwakisa, aliyekuwa migodini ng'ambo ya mpaka: mtafutie shemeji yako kazi huko, hata iwe mbali namna gani. Rubeni mwenyewe hakuambiwa.

Tangu siku hiyo moyo wa Marta ulikuwa umegeuka kidogo kidogo, na salamu zilishakwenda.

Kwanza, mumewe hakuwa na huzuni. Aliamka alfajiri akaenda kwenye kahawa, jua likipanda akarudi, akaketi kwenye kigoda kumenya viazi na kupiga soga. Marta hakuwa akijua kwamba mumewe huimba sauti ya nne, wala kwamba anaogopa vyura. Angejulia wapi? Miaka kumi na minne Rubeni alilala kwa mzungu, nyumbani akaja Jumapili adhuhuri na kuondoka jua likizama. Nimekuwa mke wa Jumapili, Marta alijiambia, akaona uchungu, maana hakuwahi kuliita jambo hilo kwa jina lake.

Na hizo Jumapili zenyewe Rubeni alizimaliza shambani, akipanda miche ya kahawa mitano mitano. Wenzake wa kazini walikopa baiskeli na santuri. Yeye alivaa koti moja hadi wakamwita Kiraka. Alimkorogea bwana sukari mara tatu kwa siku, na chai yake akainywa bila sukari. Marta aliuita ubahili, tena kwa sauti ya kusikika. Sasa miti ilikuwa imezaa misimu mitatu, ghala la mahindi limejaa, na nyasi za paa hazivuji. Ukiona vinaelea, vimeundwa. Siku moja alipomuuliza kwa nini hasa aliacha kazi, Rubeni alijibu bila kuinua macho kwenye kiazi chake.

"Chakula tunacho. Nguo tunazo. Nilichokuwa sina ni siku."

Jumapili ile ya pole Rubeni aliwapokea wafariji wake, akawachinja kuku wao, akajifunga kitambaa cheupe kiunoni na kuwapika mwenyewe. Wazee hawakujua watazame wapi, mwanamume kupika nyumbani kwake mbele ya wageni. Kuku alipoanza kunukia, macho yakapata pa kutazama.

Hapo ndipo Gwakisa alipoingia, kofia kichwani, karatasi mkononi.

"Shemeji, jina lako limeandikwa. Lori linaondoka Tunduma Alhamisi. Jiko la mabwana wakubwa, miaka mitatu tu, na nyumba hii utaiezeka bati."

"Si nilisema mlango utafunguka?" alisema Ketrina, na watu wote wakapumua.

Rubeni aliweka mwiko chini. "Nani aliniombea?"

Gwakisa akamtazama dada yake. Neno la kaka wa mke ni zito, na kumkatalia mbele ya watu ni kumvunjia heshima; Rubeni hakuwa mtu wa kumvunjia mtu heshima. Marta aliliona hilo wazi. Akinyamaza, Alhamisi mumewe atapanda lori.

"Ni mimi, kaka," alisema Marta. "Nilikutumia salamu nikidhani amefukuzwa. Hakufukuzwa. Amemaliza."

"Amemaliza nini, na nguvu anazo?"

"Amemaliza kutafuta. Vya kututosha tunavyo. Kawaambie wafute jina lake."

"Na bati je?"

"Bati litasubiri. Mimi nimesubiri zaidi."

Gwakisa, ambaye alikuwa hajamwona mkewe mwenyewe mwaka na nusu, aliikunja ile karatasi polepole, akaketi, akaomba kuku.

Wageni walipokwisha kwenda, Rubeni alikuwa anasugua sufuria, Marta akimmiminia maji.

"Na wewe ulidhani nimeiba," Rubeni alisema.

"Ndiyo, Baba Mika."

Aliongeza majivu, akasugua kwa nguvu zaidi. Marta alitamani amfokee.

"Imeniuma sana," alisema Rubeni. "Zamani ningeimeza tu, maana saa hizi ningekuwa njiani kurudi kwa bwana. Hatukuwa na nafasi hata ya kugombana." Akainua sufuria, akaitazama ndani. "Kesho Jumatatu nipo. Tutagombana vizuri."

Marta alicheka na machozi yakamtoka. Na kweli, Jumatatu walianza kabla ya uji, wakapumzika kula, wakaendelea hadi jua likazama.