Santuri ya Safari ya Zambia

Yahaya alishuka stesheni ya Kaliua na gramafoni ya betri mkononi. Katika mkoba begani alikuwa na santuri yake: nyimbo nane za roki alizozitunga alipokuwa akitangatanga Zambia, akazirekodi Nairobi. Wimbo wa sita ulimhusu Kasimiri, mpiga dramu wake, aliyefia Kitwe, hukohuko Zambia.

Mama yake Kasimiri, Apolinaria, hakuwa na habari. Mwaka uliopita, 1974, watu wa kwao walihamishiwa kijiji cha Ujamaa, na Yahaya alijipa udhuru huo wa kutomwandikia: barua ingemfuata wapi?

Alimkuta akipepeta mtama nje ya nyumba isiyokandikwa bado.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzako umemwacha stesheni?"

 Yahaya akajibu kwamba ametangulia kumletea muziki wao, akaiweka santuri kwenye gramafoni. Kila dramu zilipovuma mama alitabasamu, akawaita majirani waje wamsikie Kasimiri. Yahaya alikusudia kuinua sindano kabla ya wimbo wa sita, lakini mkono ulikataa. Labda alitaka santuri iseme yaliyomshinda yeye. Sauti yake mwenyewe ikaimba kwamba Kasimiri amelala Kitwe, na kwao hawajui.

Apolinaria akamwomba azime.

"Watu wangapi wameusikia huu kabla yangu?"

"Sijui, mama. Santuri ilianza kuuzwa Januari."

Hapo akaeleza yote. Kasimiri alishikwa na homa, akamsihi asiondoke. Yahaya akaenda Lusaka kupiga muziki, kwa kuwa tiketi za ukumbi zilikuwa zimeshauzwa zote. Aliporudi siku ya nne, manispaa walikuwa wamekwisha kumzika pamoja na maiti wengine wasio na wenyewe.

"Na hizi dramu?"

"Za mtu wa kukodi."

Mama hakulia mbele yake. Aliingia ndani, na kilio kikasikika baada ya wanawake kumfuata. Matanga yakakaliwa siku tatu bila maiti. Yahaya alilala mkekani pamoja na wanaume. Chakula walimpa, maneno wakamnyima. Mzee mmoja tu, katekista, ndiye aliyemwuliza jina la makaburi yale, akaliandika nyuma ya kitabu cha sala.

Matanga yalipoanuliwa, Yahaya alikwenda kuaga. Apolinaria aliitikia bila kumpa mkono, akaendelea kupepeta.